Nyimbo za Katanga: Kutoka Santuri hadi Simu

Katika mwaka 1952 alifika Jadotville, mji ambao tangu mwaka 1966 waitwa Likasi, Mwingereza mmoja jina lake Hugh Tracey. Wageni wengi waliofika Katanga siku zile walifuata shaba na kobalti. Bwana huyu alikuja na mitambo ya kunasa sauti, naye alifuata nyimbo. Alikwisha kuzunguka nchi nyingi za kusini na mashariki ya Afrika akifanya kazi hiyo, na mwaka ule alikuwa akipita katika Kongo ya Wabelgiji. Huko Jadotville alimsikia kijana wa miaka kama 22 akipiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilo na umeme, kwa vidole viwili tu. Kidole gumba kilitembea juu ya nyuzi nene, na kile cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba, hata asiyemwona angedhani ni watu wawili wanaojibizana. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya.

Bunkeya mnaijua. Ndio uliokuwa mji wa Mwami Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, na watu wake ni Bayeke, ambao wazee wao walitoka Unyamwezi, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Mwenda aliliona jina hilo kuwa heshima, na katika miaka yake ya mwisho alijiita Mwenda wa Bayeke. Lakini aliimba sana kwa Kiswahili hiki chetu, kile ambacho wafanyakazi wa makabila mengi walikifanya kuwa lugha yao katika kambi za Union Minière na za reli. Wimbo wake uliosifiwa kuliko zote waitwa "Masanga". Nataka kuufuata wimbo huo na nyingine chache katika safari yake kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa maana katika kila kuhama ulipata kitu na kupoteza kitu, na hicho kilichopotea ni mali yetu watu wa huku.

Mashine ya kwanza ilikuwa gramofoni. Santuri za wakati ule zilikuwa nzito, nyeusi, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo ikianguka. Zilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja haukuchukua zaidi ya dakika 3 au kupita kidogo. Mpiga gitaa aliyezoea kukaa na rafiki zake jioni nzima, akirudia na kugeuza wimbo apendavyo, alipaswa kuukata ukatoshe katika dakika hizo. Ndiyo kusema, hata ile tuiitayo leo "asili" ilikuwa tayari imepunguzwa ili iingie katika mashine. Yafaa tukumbuke hilo kabla ya kuwalaumu watu wa siku hizi kwamba wanaharibu mambo ya kale.

Santuri hizo zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, kwa jina la Gallotone, zikauzwa mbali sana. Jina la Mwenda likavuka Rhodesia ya Kaskazini, likafika Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, akaimba matangazo ya vidonge vya Aspro vya kuondoa maumivu ya kichwa. Edouard Masengo, ndugu yake, alikwenda huko pia, naye akaitangaza Coca-Cola. Masengo huyu alikuwa amejulikana kwanza hapa mjini katika kundi la JECOKE, yaani Jeunes Comiques de la Kenya. Kenya hiyo si nchi, ni ile komini yetu ya Kenya ya hapa Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi. Nalisema hilo kwa ajili ya wasomaji wa mbali, maana wengi hukosea. Vijana wa Nairobi na wa magharibi ya nchi ile walikaa mbele ya gramofoni na gitaa magotini, wakirudisha sindano nyuma mara kwa mara mpaka vidole vijue njia. Santuri ikawa mwalimu wa watu ambao mwalimu mwenyewe hakuwaona kamwe.

Sasa twende kwenye kuhama kwa kwanza. Katika mwaka 1948 huko Marekani zilianza kuuzwa santuri za namna nyingine, za plastiki, nyepesi, zilizozunguka polepole mara 33 na theluthi moja kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika 20 na zaidi. Basi nyimbo zilizokuwa zikiuzwa moja moja ziliweza kukusanywa nyingi mahali pamoja. Kampuni ya Decca ilitoa katika miaka ya 1950 mkusanyo wa Tracey ulioitwa "Guitars of Africa", na "Masanga" ulikuwamo. Huo ndio mkusanyo ninaouona wa maana kuliko yote katika habari hii, kwa sababu ulibadili wasikilizaji. Santuri ya kwanza ilinunuliwa na mfanyakazi wa mgodi aliyejua Kiswahili, ambaye alicheka penye kichekesho na kunyamaza penye huzuni. Santuri ya pili ilinunuliwa London na kwingineko na watu waliosikia nyuzi tu. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao, David Rycroft, mtaalamu wa muziki, alikaa na santuri hizo akaandika noti kwa noti jinsi Mwenda alivyopiga, akazitoa katika gazeti liitwalo "African Music" mwaka 1961 na mwaka 1962. Kazi ya uvumilivu mkubwa! Mwaka 1969 Mwenda mwenyewe aliitwa Marekani, akapiga gitaa lake katika tamasha la Newport. Lakini sifa zile zote zilikuwa za vidole. Maneno yalibaki nyuma mpakani, kama msafiri asiye na hati.

Tracey, hatuna budi kumtendea haki, alikuwa mtu wa kuandika. Kwa kila wimbo aliandika jina la mwimbaji, mahali, lugha, ala na mwaka. Mwaka 1954 alianzisha huko Roodepoort maktaba ya muziki wa Afrika, ile iitwayo kwa kifupi ILAM, akatoa humo santuri 210 za mfululizo ulioitwa "Sound of Africa", na kila wimbo una kadi yake. Alifariki mwaka 1977. Mwaka uliofuata maktaba ilihamishiwa katika Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 waitwa Makhanda. Kanda za Jadotville ziko huko mpaka leo. Kama mtu angezinasa bila kuandika, tungekuwa na sauti za watu tusiowajua, kama picha za harusi zilizookotwa njiani.

Kwa kaseti nitapita haraka. Zilikuwa rahisi, zilinakiliwa na kila mtu, na katika miaka ya 1970 na 1980 ziliwaburudisha wengi, ingawa jina la mwimbaji mara nyingi liliandikwa kwa kalamu juu ya karatasi likafutika kwa jasho la mikono. Wakati huo santuri za zamani zilikuwa zikivunjika, na gramofoni zikiharibika bila mtu wa kuzitengeneza. Wimbo ukiwa mzima kabisa, lakini mashine yake haipo tena, ni kama barua iliyofungwa.

Hapo ndipo ilipokuja sidii, ile sahani ndogo ing'aayo isomwayo kwa mwanga, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982. Makampuni ya Ulaya yaliona kuna biashara katika mambo ya kale. Huko Frankfurt, Günter Gretz alikusanya santuri za nyumba ya Ngoma ya Léopoldville, iliyoanzishwa mwaka 1948 na Mgiriki Nicolas Jeronimidis, akazitoa upya katika mwaka 1996. Huko Uholanzi, Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Lusaka, alikwenda Afrika ya Kusini akafungua hazina ya Tracey, akatoa mfululizo wa sidii zaidi ya 20 kwa jina la SWP. Moja yaitwa "Kanyok and Luba", yenye nyimbo za kusini ya Kongo zilizonaswa mwaka 1952 na mwaka 1957. Nyingine yaitwa "Origins of Guitar Music", nayo imekusanya magitaa ya Kongo ya kusini na ya kaskazini ya Zambia, kuanzia mwaka 1950 hadi mwaka 1958. Humo, baada ya nusu karne, "Masanga" wasikika tena ukiwa safi.

Mwenda hakuiona sidii hiyo. Alikufa katika ajali ya gari huko Zambia, mwezi wa Septemba 1990. Lakini miaka miwili kabla ya kufa, mwaka 1988, alikuwa amekwenda Cape Town, akaingia studio akiwa mtu wa miaka karibu 60, na kazi hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1994. Kwa hiyo mwenye kutaka leo anaweza kumsikia kijana wa Jadotville na mzee wa Lubumbashi, mtu mmoja huyo huyo, bega kwa bega.

Labda kijana fulani anayesoma ukurasa huu anasema moyoni: mambo ya wazee haya. La, wewe wayajua kuliko sisi! Watoto wa mitaa yetu wanaocheza michezo ya video kwenye televisheni wanaufahamu mchezo wa yule fundi mwenye masharubu, Mario. Kampuni ya Nintendo ya Japani iliutoa mwaka 1985. Mwaka 1993 ilikwisha kuunda mashine mpya yenye nguvu zaidi, na michezo ile ya kwanza haikuingia humo. Ikafanya nini? Ikakusanya michezo 4 ya Mario katika kifurushi kimoja kwa ajili ya mashine mpya, na picha zote ikazichora upya, na muziki ikautengeneza upya. Mwaka 2020 ikafanya tena mkusanyo mwingine, wa michezo 3 iliyokuja baadaye. Safari hii iliiacha karibu jinsi ilivyokuwa, ila ikaiuza mpaka tarehe 31 Machi 2021 tu, kisha ikaondoa dukani. Walionunua walinunua, na waliochelewa wakabaki na hamu yao.

Ni mfano wa mchezo, lakini waonyesha wazi kwamba kuna njia mbili za kuhamisha kitu cha kale. Ya kwanza ni kukichukua kilivyo, na mikwaruzo yake. Ya pili ni kukitengeneza upya, ili kipendeze machoni na masikioni mwa watu wa leo. Tena kuna mtu wa tatu asimamaye mlangoni, yule mwenye mali, ambaye huamua nani auziwe na mpaka lini. Mambo hayo yote matatu yameupata wimbo mwingine wa Katanga, ambao wasomaji wetu waujua kwa jina hata kama hawajausikia: ni "Missa Luba".

Habari yake yaanzia Kamina. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika huko mwaka 1953 kwa kazi ya shule. Kabla ya muda mrefu alikuwa na kwaya ya wavulana kama 45, wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu kama 15, na ngoma. Kwaya ikaitwa kwa jina la mfalme wa Ubelgiji wa siku hizo, Les Troubadours du Roi Baudouin. Jina hilo, naungama, halinipendezi. Wavulana wa Kamina walistahili jina la Kamina. Basi Padri aliwasikiliza jinsi walivyoimba nyimbo za nyumbani, wakazitia ndani yake maneno ya Misa. Tukumbuke kwamba Mtaguso wa Vatikano wa Pili haujakutana bado. Maneno yalikuwa ya Kilatini na ya Kigiriki kama yalivyopaswa kuwa, lakini sauti zilikuwa za Waluba. Kyrie ilifuata kasala, ule wimbo wa maombolezo. Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana. Mtu awezaye kuwaza vizuri atatambua maana ya jambo hilo: watu wanaimba "Mtakatifu" kwa sauti ile ile waliyotumia kumsindikiza ndugu aendaye safari ndefu. Sehemu kubwa haikuandikwa kwa noti. Mwimbishaji, mwalimu Joachim Ngoi, aliitoa kifuani, na wengine wakamwitikia.

Misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huo huo kwaya ikapelekwa Ulaya, ikaimba Ubelgiji wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, ikaimba Uholanzi na Ujerumani, tena ikakutana na wavulana mashuhuri waimbaji wa Vienna. Kampuni ya Philips ikainasa. Santuri ya kwanza, ya mwaka 1958, ilikuwa ndogo. Mwaka 1963 ilitolewa tena kubwa zaidi, ikiunganishwa na nyimbo nyingine za Kongo, nayo hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Mwitaliano Pasolini aliitia Gloria katika filamu yake ya Injili ya Matayo, mwaka 1964. Mwingereza Lindsay Anderson aliitia Sanctus katika filamu yake "If....", ya mwaka 1968, ambayo ni habari za wanafunzi waasi wala haina lolote na Misa, na kwa ajili ya filamu hiyo Sanctus ya Kamina ilitolewa peke yake katika santuri ndogo. Katika mwaka 1969 ilifika nafasi ya 28 katika orodha ya santuri zilizonunuliwa sana Uingereza, pamoja na nyimbo za vijana wenye nywele ndefu. Wakati huo wavulana wa Kamina walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima, na nchi yao ilikuwa imepita katika kujitenga kwa Katanga, tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, na vita vyake.

Baadaye ilikuja sidii, na Philips ikataka "Missa Luba" mpya kwa mashine mpya. Mwaka 1990 ikatoa ile iliyoimbwa na Muungano National Choir ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga. Hii ndiyo njia ya pili, ya kuchora upya. Waimbaji hawa walikuwa watu wazima, wake kwa waume, wenye sauti zilizofundishwa vizuri, na mitambo ilikuwa bora mara kumi. Lakini yale ambayo mwalimu Ngoi aliyatoa kifuani kwa saa ile, wao iliwapasa wayafuate katika noti zilizoandikwa baadaye. Wimbo uliokuwa ukizaliwa upya kila mara uimbwapo ulikuwa umeganda. Mimi nazisifu sauti za Nairobi, na sidii yao ni nzuri. Walakini nikitaka kujua Kamina mwaka 1958 ilisikikaje, na wale watoto wakiipanda Gloria kwa pumzi zao fupi, nitaitafuta ile ya kwanza, na mikwaruzo yake yote. Ubaya waanza pale tu ambapo mpya yauzwa kwa jina lile lile, na mnunuzi asiambiwe kwamba amenunua kitu kingine.

Sasa habari ya fedha, ambayo wengi huiogopa. Siku zile mwimbaji wa Kiafrika kwa kawaida alilipwa mara moja, akaondoka. Mfano ujulikanao kuliko yote ni wa Solomon Linda, Mzulu, aliyeimba "Mbube" huko Johannesburg mwaka 1939 kwa kampuni hiyo hiyo ya Gallo. Husemwa kwamba haki ya wimbo aliiuza kwa shilingi 10. Marekani wakaubadili maneno, mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", ukaimbwa na kila mtu, na mwaka 1994 ukaingia katika filamu "The Lion King". Linda alikufa maskini mwaka 1962. Binti zake walishitaki, na mwaka 2006 wakapata mapatano. Yaani kila mara wimbo ulipohamia mashine mpya, fedha mpya zilizaliwa, na mkataba wa zamani haukuzijua. Wanaokusanya nyimbo za kale hujibu kwamba mikusanyo kama hii huuzwa kwa watu wachache, wala haina faida kubwa. Huenda ni kweli kwa mingi. Lakini hesabu ndogo nayo ni hesabu, na mjane ana haki ya kuionyeshwa.

Tumefika katika simu. Leo vijana wa Lubumbashi hawana haja ya santuri wala sidii. Wimbo waingia mfukoni bila kulipwa, ukitumwa kutoka simu hata simu. Mtu atauliza: kuna hasara gani hapo, ikiwa "Masanga" unasikika Katuba na Ruashi kuliko wakati wowote? Nami nafurahi unasikika. Lakini kadi ya Tracey haikuingia katika simu. Wimbo hufika ukiwa umeandikwa "gitaa ya zamani", au umepewa jina la mwimbaji mwingine, au hauna jina kabisa. Mwenda apewa nyimbo za Losta Abelo, na Masengo anyang'anywa zake. Na wale wanaoweza kusema neno hili lilikuwa na maana gani katika kambi ya Jadotville, fumbo hili lilimlenga msimamizi gani, ni wazee wa miaka 80 na zaidi, na sisi tunawazika kila juma. Mashine mpya huweza kusafisha sauti. Lakini fumbo lililosahauliwa haiwezi kulifumbua, hata ikiwa na nguvu namna gani.

Tena mikusanyo ya sidii niliyoitaja ilitengenezwa Frankfurt, Uholanzi na Marekani. Vijitabu vyake vimeandikwa kwa lugha za wanunuzi wa huko, hasa Kiingereza, wala si kwa Kiswahili cha waimbaji. Hilo si dhambi ya waliovitengeneza, maana waliwaandikia waliolipa. Ila maneno ya nyimbo, yaani yale ya Kiswahili chenyewe, hayakuwa na mtu wa kuyafasiri akiwa karibu.

Kuna waliojaribu kurudisha. Mwaka 1950 Tracey alikuwa amepita Kapkatet, kwa Wakipsigis wa Kenya, akanasa wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika vijijini kule, na wasichana wakamtungia wimbo wakimwaza kuwa nusu mtu na nusu mnyama. Mwaka 2014 watu wa ILAM, pamoja na nyumba ya muziki ya Ketebul ya Nairobi, walirudi kwa Wakipsigis wakiwa na nyimbo hizo katika sidii. Walimkuta hata mzee mmoja ambaye sauti yake ilinaswa mwaka 1950, angali hai, wakamkabidhi nyimbo zake. Miaka 64 ilikuwa imepita.

Kwetu Lubumbashi, wataalamu wa Chuo Kikuu walianzisha mwaka 2000 kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi, ya kukusanya kumbukumbu za wenyeji wa mji, na mwaka 2002 kilitoka kitabu chao juu ya wanawake, mavazi na muziki. Njia imekwisha kufunguliwa basi. Katika nyumba nyingi za kambi za zamani bado ziko santuri chini ya kitanda au juu ya kabati, nyingine zimepasuka, nyingine zafunikiwa vitambaa. Mwenye nazo asingoje mgeni aje na mitambo. Kijana wa nyumba anapotaka kuzitia katika simu, kwanza mzee na akae naye, waandike katika daftari jina la mwimbaji, kijiji chake, mwaka kama unajulikana, na maneno yote ya wimbo kama yasikikavyo, kwa Kiswahili cha hapa, bila kuyasahihisha.